Mwalimu na Avuke Mpaka

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, juu ya ushirikiano wa nchi zetu katika mafundisho ya hesabu na sayansi)



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya jambo la tatu katika orodha ya mazungumzo ya leo, yaani matumizi ya fedha za mfuko wetu wa elimu. Mwajua nyote ya kuwa fedha hizo kila mwaka hutolewa kuwa zawadi kwa watoto wa wanachama walioshinda vizuri katika mitihani yao. Sasa limeletwa shauri jingine. Wako wanachama waliopendekeza ya kwamba kwa muda wa miaka miwili zawadi zisimamishwe, na fedha zitumike kuwalipia nauli walimu wa hesabu na sayansi wa shule za mpakani, wavuke waende wakatazame mafundisho ya wenzao wa nchi jirani, na wale wa huko vilevile waje huku kwetu. Mimi ni mmoja wa waliopendekeza hivyo, wala sifichi. Lakini kabla ya kuinua mikono, yafaa tufahamu kwamba si sisi wa kwanza kufikiri habari hii. Nchi za Afrika ya Mashariki zimekwisha kushirikiana katika hesabu na sayansi mara kadha wa kadha, kwa fedha nyingi kuliko zetu, na katika mara hizo yako yaliyodumu na yako yaliyokauka. Ningependa tuyatazame, kusudi kura zetu zisipigwe gizani.

Juu ya haja yenyewe sitasema mengi, maana nyote mna watoto. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa Tanzania, tangu mwaka 2019 hata 2022, katika kila watahiniwa watano wa hisabati alifaulu kama mmoja tu. Mwaka 2023 hali ilipanda kidogo, ikawa kama mmoja katika wanne. Sisi tulio maofisini twazijua tarakimu hizi kwa sura nyingine: huja mezani petu zikiwa kijana mwenye cheti ambaye hawezi kulinganisha leja na hati za malipo, wala kukadiria mafuta ya gari kwa safari ya siku tatu. Na yule asiyeajiriwa kabisa hatumwoni, naye ndiye mwingi.

Tena si kweli ya kuwa watu wetu hawana akili ya hesabu. Mtazameni fundi mwashi anapopiga msingi wa nyumba. Huchukua kamba, akapima futi tatu upande huu na futi nne upande ule, kisha hupima mshazari. Ukiwa futi tano kamili, kona yake imekaa sawa, na ukiwa pungufu au zaidi husogeza kigingi. Kijana aliyeshindwa jana darasani swali la pembetatu mraba hupita mbele ya fundi yule asitambue kwamba swali lake limelala pale chini mchangani, limefungwa kwa uzi. Kati ya ubao wa shule na kamba ya fundi pana pengo, na habari yote nitakayosema leo ni habari ya watu waliojaribu kuliziba pengo hilo kwa kusaidiana nchi kwa nchi.

Jaribio kubwa la kwanza ni lile la Entebbe. Baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957, Wamarekani waliingiwa na hofu juu ya mafundisho ya hesabu na sayansi katika shule zao wenyewe, wakaanza kutunga vitabu vya namna mpya. Na haukupita muda mrefu fikira hizo zikavuka bahari. Mwaka 1962 walikutana Entebbe, katika Uganda, walimu na mabingwa wa hesabu wa kutoka nchi za Afrika zilizokuwa zikifundisha kwa Kiingereza, pamoja na Wamarekani na Waingereza, chini ya shirika moja la Massachusetts liitwalo Educational Services Incorporated. Wakakaa majuma kadhaa wakiandika. Miaka iliyofuata wakakutana tena na tena, na vitabu vilivyotoka katika mikutano ile vikaitwa kwa jina la mji, hesabu za Entebbe, vikajaribiwa katika shule za Afrika ya Magharibi na za huku kwetu pia.

Nia yao ilikuwa njema, na mimi siungani na wale wanaoicheka. Walitaka mtoto ajue kwa nini, asikariri tu namna gani. Lakini vitabu vile vilimfikia mwalimu wa darasani kama waraka wa serikali unavyomfikia karani wa wilaya: umeandikwa mbali, umetiwa sahihi na wakubwa, nao wataka kutekelezwa mara moja. Mwalimu hakuwapo ulipoandikwa, hakuulizwa, wala hakuona hata siku moja mtu mwingine akifundisha somo lile mbele ya watoto halisi. Alifunguliwa kitabu kikubwa chenye maneno mengi juu ya seti, naye Kiingereza chake na cha watoto hakikutosha kulibeba lile neno na maana yake kwa pamoja. Wazazi nao walishangaa mtoto aliyezungumza habari za seti lakini asiyeweza kurudisha chenji ya dukani. Nigeria iliziacha hesabu hizo mpya mwaka 1977, na Kenya ikafuata mwanzo wa miaka ya 1980.

Hapa pana jambo moja ambalo halitajwi sana, nami nalipenda. Katika kazi ile ile ya Entebbe watu wawili, John Gay na Michael Cole, walichunguza namna Wakpelle wa Liberia wanavyohesabu na kupima, wakatoa kitabu mwaka 1967. Walikuta kwamba wakulima wa Kikpelle, ambao wengi hawakusoma, wakionyeshwa chombo chenye mchele waliweza kukadiria idadi ya vikombe vilivyomo kwa usahihi kuliko Wamarekani waliopewa jaribio lilo hilo. Watoto wa wakulima hao ndio waliokuwa wakishindwa hesabu shuleni. Basi hapo ndipo ushirikiano ulipopaswa kuanzia, lakini vitabu vilikuwa vimekwisha kupigwa chapa.

Ushirikiano wa namna ya pili ulikuwa wa mitihani. Zamani watoto wetu walifanya mtihani wa Cambridge. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki, ili Kenya, Uganda na Tanzania ziwe na mtihani wao wenyewe. Tanzania ikajitoa mwaka 1971, ikaunda baraza lake kwa sheria ya mwaka 1973. Kenya na Uganda zikaendelea pamoja hata mwaka 1980 hivi, kisha kila moja ikachukua njia yake. Jumuiya yenyewe ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Sikusudii kuingia katika siasa za mambo hayo. Nasema tu kwamba mtihani wa pamoja ni kioo cha pamoja, na kioo kilipovunjika kila nchi ilibaki ikijitazama katika kipande chake, ambamo mtu huonekana mzuri au mbaya kadiri apendavyo.

Kioo kingine kilikuja kupatikana baadaye, kwa mashirikiano ya wizara za elimu za nchi za kusini na mashariki mwa Afrika yajulikanayo kwa herufi SACMEQ. Uchunguzi wao wa pili, uliofanywa mwanzo wa miaka ya 2000, uliwapa watoto wa darasa la sita wa nchi zote mtihani mmoja wa kusoma na wa hesabu, wakauweka wastani wa nchi zote kuwa 500. Katika hesabu Mauritius ilitangulia. Kenya, Tanzania Bara na Uganda zilikuwa juu ya wastani. Zanzibar, iliyohesabiwa peke yake kwa kuwa ina wizara yake, ilikuwa chini. Jambo la ajabu ni kwamba walimu nao walitahiniwa. Hilo lilihitaji ushujaa, nami nasifu wizara zilizokubali. Lakini kuwa juu ya wastani wa majirani si sawasawa na kujua hesabu, na kioo hakimwogeshi mtu uso.

Nageuka sasa kwa sayansi, nikumbushe kisa cha Erasto Mpemba, maana wengi mwakijua kwa nusu. Mwaka 1963 alikuwa kijana wa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba, wilaya ya Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aisikrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari, na desturi ni kuyaacha yapoe kwanza kabla ya kuyatia katika barafu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa chache, akaogopa kuikosa, akatia maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa yakiwa baridi. Alipomwuliza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Ndipo alipokuja pale shuleni Bwana Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa tawi moja la Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mpemba akasimama mbele ya wenzake akamwuliza yeye. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam akaamuru jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakaandika habari hiyo pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza. Mabingwa wangali wakibishana juu yake hata leo, wengine wakisema ni kweli na wengine wakisema vipimo vyadanganya.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu moja. Palikuwapo swali, palikuwapo jokofu, palikuwapo maziwa. Kilichokosekana ni mtu wa nje ya darasa lile, mwenye kusikia swali kwa sikio ambalo halijazoea kumcheka mwulizaji. Naye alipatikana kwa sababu mtu wa chuo alisafiri akaenda hata shuleni. Osborne hakuitwa Iringa ili akague wala atoe amri; aliitwa azungumze na wanafunzi, na kwa kuwa alikuwapo, swali likampata.

Sasa nafika katika jaribio ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye mafunzo mengi kwetu, nami nitakaa juu yake. Mwaka 1998 Serikali ya Kenya, ikisaidiwa na shirika la Serikali ya Japani lijulikanalo kwa herufi JICA, ilianzisha kazi ya kuimarisha mafundisho ya hesabu na sayansi katika shule za sekondari. Kazi hiyo ikaitwa SMASSE. Ilianzia katika wilaya 9, makao yake yakiwa katika chuo cha walimu wa sayansi jijini Nairobi; tangu mwaka 2003 ikaenezwa nchi nzima, na baadaye kikawekwa kituo maalumu huko Karen kiitwacho CEMASTEA.

Walioianza hawakuanza kwa kitabu. Walikwenda kwanza shuleni kutazama taabu iko wapi. Wakamkuta mwalimu amesimama mbele akisema na kuandika, wanafunzi wakinakili, majaribio hayafanywi, na akiulizwa kwa nini, jibu ni vifaa hakuna. Dawa waliyoitoa ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza yamtaka mwalimu atie kazi mikononi mwa wanafunzi, awafanye wao kuwa watendaji, awape majaribio, na pale asipokuwa na kifaa cha dukani abuni kingine kwa vitu vilivyopo. Ya pili ni utaratibu wa kazi yenyewe: panga, tenda, tazama, rekebisha, kisha uanze tena.

Kubuni vifaa si maneno matupu. Mathalan, somo la asidi na besi hufundishwa kwa karatasi ya litmasi, nayo shule nyingi haina. Lakini choya ni chakula chetu. Yachemsheni maua yake, mtapata maji mekundu. Tieni ndimu, wekundu hukoza. Tieni maji ya majivu ya jikoni, rangi hugeuka ikaelekea kijani. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake mwenyewe, katika gilasi ya nyumbani kwao, hataambiwa tena kwamba asidi ni neno la Waingereza. Gharama yake haifiki bei ya kalamu.

Na juu ya gharama yako mambo ambayo mkutano wa makarani wapaswa kuyajua. Wajapani walileta wataalamu na vyombo. Serikali ilikubali mishahara ya wakufunzi wa taifa. Bali mafunzo ya walimu wilayani, yaani chakula chao, malazi na karatasi, yalilipiwa kwa fedha zilizochangwa na shule zenyewe kutoka katika karo, zikawekwa katika mfuko wa wilaya. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipokuwa uhai wa kazi ile. Miradi mingi ya wafadhili hufa siku mfadhili anapofunga sanduku lake. Kazi hii ilikuwa na kifungu chake katika hesabu za kila shule, kilichoandikwa na karani wa shule kwa mkono wake, na jambo lenye kifungu haliondoki kwa urahisi.

Mwaka 2001 wakaitwa Nairobi wajumbe wa nchi nyingine, ukaundwa umoja wa nchi za Magharibi, Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika kwa kazi hiyo hiyo. Wakufunzi wa nchi hizo wakaja Kenya kujifunza, na wakufunzi wa Kenya wakaenda kwao. Malawi ikaanza katika chuo cha Domasi mwaka 2004. Uganda na Zambia zikaanza mwaka 2005, Nigeria mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008. Kila nchi iliifanya kwa namna yake, na mimi naona Zambia ndiyo iliyoifanya kwa busara zaidi.

Wazambia walikuwa tayari na desturi ya walimu wa shule moja au za jirani kukutana kila muhula. Juu ya mti huo uliokwisha kuota, wakapandikiza tawi la Kijapani. Huko Japani, kwa zaidi ya miaka mia, walimu wamekuwa na utaratibu huu: hukaa pamoja wakapanga somo moja tu, mathalan somo la kugawanya sehemu, mmoja wao hulifundisha mbele ya watoto halisi, wengine huketi pembeni, wasimtazame mwalimu bali wawatazame watoto, nani ameelewa, nani ameinamisha kichwa, nani amepata jibu kwa njia isiyotarajiwa, kisha hukaa tena wakalizungumza somo, si kumzungumza mtu, wakalirekebisha, na mwingine akalifundisha upya katika darasa jingine. Zambia ilianza katika Jimbo la Kati kwa masomo ya sayansi, halafu wakaeneza katika majimbo mengine. Hapakuwa na hoteli, wala karamu ya kufunga semina. Palikuwa na darasa, ubao na walimu wanne au watano waliokubali kuonwa.

Kukubali kuonwa ni jambo gumu, ndugu zangu. Mwalimu wetu amezoea kwamba anayeingia darasani na kuketi nyuma ni mkaguzi, na mkaguzi huandika. Mwenzako anapoingia kwa nia ya kujifunza, huna budi kwanza kuamini kwamba daftari lake halitafika kwa mwajiri wako. Naam, na hapo ndipo mgeni wa nchi jirani anapomzidi mgeni wa wilayani: hana mamlaka juu yako, hagombei cheo chako, wala hamjui afisa wako.

Sitaki mdhani kwamba kazi ile ya Kenya haikuwa na upungufu. Mafunzo yalishuka kwa ngazi, wa taifa wakawafundisha wa wilaya, wa wilaya wakawafundisha walimu, na maji yanayopitishwa katika mifereji mingi hufika shambani yakiwa machache. Mafunzo yalifanywa wakati wa likizo, walimu wakalalamika kwamba mapumziko yao yameliwa na posho haionekani, na wengine walikuja kutia sahihi tu. Kwa miaka mingi baadaye wastani wa alama za hisabati katika mtihani wa sekondari wa Kenya ulibaki chini ya 30 katika 100. Yeyote atakayewaambia kwamba nauli za walimu zitapandisha alama mwakani, msimsadiki, hata nikiwa mimi.

Kuhusu lugha nitapita upesi, ingawa ni bahari. Tangu mwaka 1930, ilipoanza kazi ya Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, tumekuwa na desturi ya kukubaliana maneno kwa pamoja. Chuo cha uchunguzi wa Kiswahili cha Dar es Salaam, kilichoirithi kazi hiyo, kilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kani, tungamo, kizio, kipeo, hayo yote yapo. Yangali yakilala katika kamusi, kwa kuwa huku kwetu mtoto huyaacha anapoingia sekondari akaanza upya kwa Kiingereza, na upande wa pili wa mpaka hakuyapata kabisa. Mwalimu wa Tanzania na mwalimu wa Kenya wakikaa katika darasa moja watapata kujua ni neno gani mtoto analifahamu kweli, na hilo halipatikani katika kamusi.

Nirudi sasa katika shauri letu. Pendekezo ni kuanzia na mpaka mmoja tu, wa Horohoro na Lunga Lunga, kati ya wilaya ya Mkinga na Kaunti ya Kwale. Tumeuchagua kwa sababu watu wa pande zote mbili wasikilizana: Wadigo wako huku na huko, Kiswahili ni chao wote, na safari ni ya saa chache kwa basi. Shule mbili za upande huu na mbili za upande ule. Walimu wawili wa kila shule. Somo moja kwa kila muhula, lililopangwa pamoja na kufundishwa pande zote mbili. Mgeni atalala nyumbani kwa mwenyeji wake. Sisi tutalipa nauli, chakula cha njiani, na karatasi.

Nimesikia hoja tatu dhidi ya jambo hili, nami naziheshimu, ijapokuwa hazina uzito mmoja. Ya kwanza yasema mitaala si sawa. Ni kweli. Kenya ilibadili mtaala wake tangu 2017 na Tanzania imeanza wake mpya mwaka 2024, na madarasa hayalingani. Lakini kugawanya sehemu ni kugawanya sehemu, na choya haibadili rangi kwa kufuata mtaala.

Ya pili yasema hiyo ni kazi ya serikali. Naam, ni kazi ya serikali, na sisi ni nani? Mwalimu ni mtumishi wa umma. Hawezi kuvuka mpaka kikazi bila kibali, na kibali hupita katika meza zetu. Twajua sote jinsi barua ya mwaliko iwezavyo kukaa katika trei majuma sita, si kwa ubaya wa mtu, bali kwa kuwa haina jalada lake na hakuna anayeifuatia, hata muhula ukafungwa. Katika mikutano mikubwa ya kimataifa mawaziri hutia sahihi. Baada ya hapo kila kitu hutegemea kama karani fulani ameandika namba ya jalada sawasawa. Kama chama hiki kitafungua jalada moja la vibali vya walimu hawa na kumpa mwanachama mmoja kazi ya kulifuatia, tutakuwa tumetoa kitu ambacho mfadhili wa nje hawezi kukinunua.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Wasema zawadi huwatia moyo watoto wetu, na kuziondoa ni kuwanyang'anya. Mimi mwenyewe mtoto wangu amepata kuchukua zawadi hiyo, na furaha ya nyumbani siku ile siwezi kuikanusha. Hata hivyo, tazameni orodha ya waliopewa kwa miaka iliyopita, ambayo Katibu anayo. Karibu wote wametoka katika shule zile zile chache zenye walimu wa kutosha. Twamlipa aliyekwisha kushinda, kwa kushinda kwake. Mtoto wa mwanachama aliye kituoni mpakani, ambaye shule yake ina mwalimu mmoja wa hesabu kwa vidato vyote vinne, hajawahi kuiona zawadi hii wala hataiona, ilhali baba yake hukatwa mchango ule ule kila mwezi.

Limependekezwa pia kwamba fedha zigawanywe, nusu zawadi na nusu nauli. Nilifanya hesabu, nusu haifikishi mwaka wa pili, na mwaka mmoja hautoshi mtu kurekebisha somo alilolitazama. Ndiyo sababu shauri limeandikwa miaka miwili.

Maneno ya shauri ni haya: kwamba fedha za mfuko wa elimu, kwa miaka miwili tangu muhula ujao, zitumike kwa nauli na posho ya njiani ya walimu wanane wa shule nne za pande mbili za mpaka wa Horohoro, kwamba Katibu afungue jalada la vibali na kutoa taarifa kila robo mwaka katika gazeti letu hili, na kwamba walimu wenyewe, wala si Kamati, ndio watakaochagua somo. Katibu anazo karatasi za kura. Orodha ya nauli ninayo hapa, nimeitenga kwa shilingi za nchi zote mbili, na mwenye swali juu yake na aulize sasa kabla karatasi hazijagawanywa.